Kupima usalama wako Afrika Kusini: mwongozo kamili kwa anayehamia Johannesburg, Pretoria, Durban au Cape Town

Ndugu walioko Dar, Nairobi na Lubumbashi huniuliza swali lile lile kila mara: "Eti, Sauzi ni salama?" Nimeacha kulijibu. Ni sawa na kuuliza bahari ina kina gani. Inategemea umesimama wapi.

Wanaokosea hukosea kwa njia mbili. Wa kwanza husoma tahadhari za balozi za Ulaya, zilizoandikwa kwa ajili ya mtalii mwenye kamera na tiketi ya kurudi, kisha anaogopa vitu ambavyo havimhusu. Wa pili humpigia binamu aliyeko Durban tangu 2010, anaambiwa "njoo tu, hakuna shida", naye anapanda ndege. Hakuna kati yao aliyepima chochote.

Hapa tunaipima siku yako, nchi tunaiacha. Mwishoni utakuwa na karatasi moja yenye mistari kati ya minane na kumi na miwili, na kila mstari utakuambia cha kufanya. Kazi yenyewe ni ya siku nne au tano. Ifanye kabla hujasaini mkataba wa nyumba, kwa sababu ukishalipa amana utaanza kujidanganya.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari, au karatasi ya jedwali kwenye simu.
- Anwani kamili ya nyumba unayoifikiria na ya mahali pa kazi. "Karibu na Sunnyside" haitoshi. Taka jina la mtaa na namba ya jengo.
- Pasipoti, na karatasi inayokuruhusu kukaa nchini: viza, kibali cha kazi, karatasi ya mwomba hifadhi au ya mkimbizi.
- Jedwali la takwimu za uhalifu la polisi wa Afrika Kusini, SAPS. Linapatikana bure kwenye tovuti yao.
- Watu watatu wa kuwauliza: mkazi mzawa, mgeni mwenzako anayeishi mtaa ule ule, na mlinzi wa geti. Mlinzi usimwache. Anajua mengi kuliko dalali.
- Fedha za nauli ya kufika mtaani mara tatu.

## Hatua ya 1: Andika siku yako saa kwa saa

Andika unaamka saa ngapi, unatoka kwa usafiri gani, unapita wapi, unabeba nini, unarudi saa ngapi. Andika na Jumamosi na siku ya ibada.

Tufanye kuna Watanzania wawili. Mmoja ni mhasibu aliyehamishwa na kampuni yake kwenda Sandton, Johannesburg: ana gari, ana bima ya afya, anaishi ndani ya eneo lenye uzio na walinzi. Mwingine ni fundi simu mwenye kibanda katikati ya Pretoria: anapanda teksi za abiria, yaani mabasi madogo kama daladala au matatu, analipwa taslimu, anafunga saa moja usiku. Nchi ni moja, mkoa ni mmoja wa Gauteng, lakini hatari zao hazifanani. Mhasibu anaweza kufuatwa kutoka uwanja wa ndege. Fundi anaweza kukabwa kwenye kona akiwa na mauzo ya siku mfukoni.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kuonyesha kwa kidole saa tatu au nne za wiki ambazo uko peke yako, gizani, au na fedha mkononi. Hatari nyingi za siku yako zinakaa humo.

## Hatua ya 2: Tafuta takwimu za kituo chako, achana na za taifa

Takwimu za taifa zinatisha, na ni za kweli. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 watu zaidi ya 27,000 waliuawa Afrika Kusini. Ila namba hiyo haikuambii lolote kuhusu mtaa wako. Mauaji hayajatawanyika sawa. Yamejaa kwenye maeneo ya vituo vichache, kama Nyanga na Delft kule Cape Town, au Inanda na Umlazi kule Durban.

SAPS hutoa takwimu kila robo mwaka, zimegawanywa kituo kwa kituo. Kwanza ulizia anwani yako iko chini ya kituo kipi, maana mpaka wa kituo haufuati jina la mtaa. Kisha soma safu hizi tu:

- unyang'anyi wa kutumia silaha
- unyang'anyi wa magari
- unyang'anyi wa nyumbani, yaani wameingia watu wakiwemo ndani
- wizi wa kuvunja nyumba, yaani wameingia hakuna mtu

Hizo mbili za mwisho watu huzichanganya, na kosa hilo ni kubwa. Mtaa wenye wizi mwingi wa kuvunja nyumba utakugharimu televisheni. Mtaa wenye unyang'anyi wa nyumbani unaweza kukugharimu roho.

Angalia: linganisha robo na robo ile ile ya mwaka uliopita. Oktoba hadi Desemba ina sikukuu, fedha na pombe, kwa hiyo kuilinganisha na Aprili ni kujipotosha. Pia kituo cha katikati ya jiji, kama Johannesburg Central, huwa miongoni mwa vituo vyenye kesi nyingi kwa sababu maelfu ya watu hupita pale mchana, ilhali wanaolala pale ni wachache zaidi.

Umefanikiwa ikiwa: una namba nne za robo ya karibuni na nne za mwaka kabla yake, na unajua zinapanda au zinashuka.

## Hatua ya 3: Nenda mtaani mara tatu

Karatasi za polisi zinaonyesha yaliyoripotiwa, na wageni wengi hawaripoti. Kwa hiyo nenda ukaone mwenyewe.

Mara ya kwanza nenda asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa mbili, watu wanapokwenda kazini. Mara ya pili nenda jioni, kwenye saa kumi na mbili na nusu. Juni na Julai, Johannesburg giza linaingia mapema kuliko ulivyozoea nyumbani, na wengi wanaofika majira ya joto hawalifikirii hilo. Mara ya tatu nenda Ijumaa usiku, lakini ndani ya gari na mwenyeji, bila kushuka.

Hizi ndizo dalili ninazoziamini:

Wanawake wanatembea peke yao jioni, au wote wako wawili wawili na haraka? Watoto wanacheza nje? Maduka madogo yanauzia ndani au kupitia nondo? Mwenye duka anayekupa mkate kupitia kitundu cha chuma ameshakueleza historia ya mtaa wake bila kufungua mdomo.

Tazama kuta. Fensi ya umeme juu ya ukuta ni jambo la kawaida hapa, isikutishe. La kutazama ni kama inafanya kazi. Fensi iliyolegea na nyaya zilizokatika zina maana wakazi wameacha kujilinda pamoja.

Kisha muulize mlinzi wa geti maswali mawili tu: "Mara ya mwisho kulitokea nini hapa?" na "Walinzi wa kampuni walifika baada ya muda gani?" Afrika Kusini ina walinzi binafsi zaidi ya nusu milioni walioko kazini, wengi kuliko polisi. Mitaa mingi ya watu wa kipato cha kati hulipia kampuni ya walinzi wenye silaha wanaofika alamu inapolia. Kama mtaa wako hauna huduma hiyo, au huwezi kuilipia, andika. Ni mstari kamili katika jedwali lako.

Angalia: ramani ya simu haijui mtaa hatari, inajua njia fupi. Cape Town wageni wamewahi kuvamiwa baada ya ramani kuwapitisha Nyanga wakitoka uwanja wa ndege. Muulize mwenyeji njia, ikariri, ndipo uwashe simu.

## Hatua ya 4: Kagua jengo

Hapa ndipo watu wetu wanapokosea kuliko popote. Wanaogopa bastola, halafu wanalala kwenye mtego.

Usiku wa kuamkia 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso huko Marshalltown, katikati ya Johannesburg, liliungua na kuua watu zaidi ya 70. Waliokuwemo walikuwa wapangaji maskini, wakiwemo Watanzania na Wamalawi. Jengo lilikuwa mali ya jiji, lakini lilikuwa limetekwa: watu wasio wenye nyumba walikuwa wakikusanya kodi. Ndani walikuwa wamegawanya vyumba kwa mbao na mapazia, na wengine waliruka madirishani kwa kukosa pa kutokea.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata randi moja:

Tembea kutoka chumba chako hadi barabarani kwa njia mbili tofauti. Kama kuna njia moja tu, au ya pili ina kufuli, ondoka. Usisubiri kuambiwa "ufunguo anao fulani".

Uliza nani mwenye jengo na uombe mkataba wa maandishi wenye jina lake. Anayetaka taslimu, na hatoi risiti hata ukimwomba, huenda hana haki ya kukupangisha. Utekaji wa majengo unaujua sasa.

Tazama umeme. Waya unaoning'inia kutoka dirisha hadi dirisha ni wa kujiunganishia umeme bila idhini.

Halafu kuna hili la baridi. Johannesburg iko juu, kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai unauma kweli. Watu huwasha jiko la makaa, wenyewe hapa huliita mbaula, wakaliingiza chumbani na kufunga madirisha. Moshi unakuwa umeisha, kwa hiyo wanadhani ni salama. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi, na aliyelala hatashtuka. Nunua blanketi la pili.

Durban ongeza swali la maji. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 mkoani KwaZulu-Natal, wengi wao kwenye nyumba za mteremkoni na kandokando ya mito. Ukiona nyumba ya bei poa iliyokaa bondeni, bei hiyo ina sababu.

Umefanikiwa ikiwa: umehesabu hatua kutoka kitandani hadi nje, kwa njia mbili, na una jina la mwenye nyumba kwa maandishi.

## Hatua ya 5: Pima karatasi zako kama unavyopima wezi

Wengi hawaiweki kwenye orodha ya usalama. Mimi naiweka juu kabisa, kwa sababu mgeni asiye na karatasi ana hatari zote za mwenye karatasi, na juu yake haendi polisi, hafungui akaunti ya benki, na anatembea na fedha. Wahalifu wanalijua hilo. Anayekukaba akijua huwezi kumshtaki, atarudi.

Andika tarehe ya mwisho ya kibali chako kwa wino mwekundu. Ukizidisha muda kwa chini ya siku 30, ukatoka, unaweza kupigwa marufuku kurudi kwa miezi 12. Ukizidisha zaidi ya siku 30, miaka mitano. Ukikamatwa ndani ya nchi, unaweza kujikuta Lindela, kituo cha wanaosubiri kurudishwa kwao, kilichoko Krugersdorp.

Pasipoti yenyewe iache nyumbani mahali pakavu, utembee na nakala iliyothibitishwa. Vituo vya polisi hugonga mhuri wa kuthibitisha nakala bure. Nenda na pasipoti halisi mkononi, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Rudia kila baada ya miezi mitatu, maana ofisi nyingi hukataa mhuri wa zamani.

Mwenye duka ana mzigo wa ziada. Baada ya watoto kadhaa kufa kwa kula vyakula vyenye sumu, Rais Ramaphosa alitangaza Novemba 2024 kwamba maduka yote ya mitaani, yale ya spaza, yasajiliwe upya kwenye halmashauri. Duka lisilosajiliwa limekuwa kisingizio cha kwanza cha wanaotaka kulifunga kwa mawe.

Umefanikiwa ikiwa: simu yako itakukumbusha siku 90 kabla ya kibali kuisha, na picha za karatasi zako ziko kwa mtu mmoja nyumbani.

## Hatua ya 6: Barabara

Barabara za Afrika Kusini huua takribani watu 12,000 kwa mwaka. Hakuna anayempigia mama yake kumtahadharisha kuhusu hilo.

Upande wa kuendesha ni kushoto kama Tanzania na Kenya, kwa hiyo hapo hutapata tabu, ila anayetoka Lubumbashi amezoea kulia, awe makini. Ukiambiwa "pinda kwenye roboti", usitafute mashine. Hilo ndilo jina la taa za kuongozea magari hapa.

Kwa mwenye gari: madirisha juu, mkoba chini ya kiti, na acha nafasi mbele yako kwenye taa ili uweze kukata kona na kuondoka. Ukifunga gari kwa rimoti, vuta kitasa kwa mkono, kwa sababu wezi hutumia vifaa vya kuzuia mawimbi yake. Ukifika nyumbani, usiingie getini kama kuna gari nyuma yako usilolijua. Pita, zunguka mtaa. Gari la kubebea fedha za benki likiwa karibu, liache liende mbali, maana majambazi huyavamia.

Gari lenye taa za buluu likikusimamisha mahali pasipo na watu, na una shaka, usikimbie wala usisimame. Punguza mwendo, washa taa za hatari zote nne, toa ishara kwa mkono, elekea kituo cha polisi au cha mafuta chenye watu. Majambazi wanaojifanya polisi wapo kweli, na polisi wenyewe wanautambua utaratibu huo.

Kwa asiye na gari: jifunze ishara za vidole za teksi za abiria kabla hujasimama barabarani. Ishara usiyoijua inakutangaza kuwa mgeni. Kwenye baadhi ya stendi na maduka makubwa, madereva wa teksi hawataki kuona magari ya Uber na Bolt, na ugomvi huo umeshaua. Muulize dereva mkutane wapi, mtii anachosema. Kutoka OR Tambo, uwanja wa ndege wa Johannesburg, treni ya Gautrain hufika Sandton kwa takribani dakika 15, na hakuna gari linaloweza kuifuata.

## Hatua ya 7: Soma hali ya hewa ya chuki

Mei 2008 fujo dhidi ya wageni zilianza Alexandra, Johannesburg, na kuua watu 62. Zilijirudia 2015 na 2019. Tangu 2021 kuna kundi la Operesheni Dudula, jina lenye maana ya kufukuza kwa kusukuma, ambalo 2025 lilizuia wageni milangoni mwa baadhi ya zahanati.

Fujo hizi huwa na dalili. Vipeperushi vya kuwataka wageni waondoke kufikia tarehe fulani. Ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye WhatsApp. Maandamano ya umeme au maji yanayogeukia maduka ya Wasomali na Waethiopia. Msimu wa kampeni za uchaguzi. Dalili moja, kaa macho. Mbili kwa pamoja ndani ya wiki moja, ondoa mali dukani, peleka watoto kwa rafiki mtaa mwingine.

Jifunze Kizulu cha salamu. Hakitakukinga siku ya fujo, ila kitakupa majirani siku za kawaida, na jirani ndiye anayegonga mlango usiku kukuambia toka.

## Hatua ya 8: Afya, kwa ufupi

Katiba ya nchi, ibara ya 27(3), inasema hakuna anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura. Ikariri. Hospitali binafsi, hata hivyo, hutaka amana ya fedha kwa yasiyo ya dharura, kwa hiyo asiye na bima aandike mstari huo. Malaria haiko Johannesburg wala Cape Town. Iko Limpopo, Mpumalanga ya chini na kaskazini mwa KwaZulu-Natal.

## Hatua ya 9: Weka alama

Kila hatari ipe alama mbili, kutoka 1 hadi 3. Ya kwanza ni uwezekano wa kutokea kwenye siku yako uliyoiandika. Ya pili ni ukubwa wa madhara. Zizidishe.

Mfano wa fundi wetu wa Pretoria:

- Kukabwa na mauzo jioni: 3 × 2 = 6
- Moto kwenye jengo lenye njia moja: 2 × 3 = 6
- Kibali kuisha akiwa bado anasubiri kipya: 2 × 3 = 6
- Unyang'anyi wa gari: 1 × 3 = 3
- Umeme kukatika: 3 × 1 = 3

Sita na zaidi: usihamie mpaka umefanya jambo la kuishusha. Fundi akifunga duka saa kumi na moja na kupokea malipo kwa kadi, sita ya kwanza inashuka hadi mbili. Akihamia jengo lingine, ya pili inashuka hadi tatu.

Umeme kukatika kwa mhasibu si 3. Betri ya alamu yake ikiwa imekufa, fensi na geti vikazimika, ni 6. Mgao mkali wa 2023 umepungua sana tangu Machi 2024, lakini wizi wa nyaya na hitilafu za mtaani bado vipo. Mwombe mwenye nyumba azime swichi kuu mbele yako, uone geti na alamu vinafanyaje.

Angalia: ukijikuta na mistari kumi na yote ni sita, umepima hofu. Rudi Hatua ya 1, usome tena siku yako.

## Hatua ya 10: Jaribu mpango

Kwenye simu weka 10111 ya polisi, 10177 ya gari la wagonjwa, na 112 inayopigika kutoka simu ya mkononi. Weka namba ya walinzi wa mtaa juu ya zote, maana 10111 inaweza kuita kwa muda mrefu. Andika namba za ubalozi wako ulioko Pretoria kwenye karatasi. Simu ndiyo kitu cha kwanza kuibwa.

Kisha mpe mtu mmoja kazi: usipotuma ujumbe kufikia saa mbili usiku, apige simu. Mara ya kwanza usitume kwa makusudi. Mimi nilipojaribu, rafiki yangu alipiga kesho yake saa nne asubuhi akiniuliza nimeamkaje. Nikatafuta mwingine.

Fungua karatasi yako tena kila SAPS wanapotoa takwimu za robo mpya, na kila unapobadilisha kazi, kibali au nyumba. Ukihama hata mitaa miwili tu, kituo cha polisi kinaweza kuwa kingine. Anzia Hatua ya 2.